Kidole cha Emil Vondrak

Mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne, Emil Vondrak, mpimaji wa ghala la nafaka, alipima gari la mahindi la kaka yake wa tumbo moja, akashuka, akalizunguka, akaona magurudumu yamejaa tope, akarudi ndani kwenye mizani akapunguza ratili kumi na mbili za tope. Kaka mtu hakumsemesha miaka miwili. Krismasi walikula nyumba moja vyumba tofauti, na mama yao ndiye aliyekuwa akivuka ukumbi na sahani mkononi. Pale Orrin Falls, mji mdogo wa wakulima huko Iowa, kisa hicho kilisimuliwa kwa fahari, hasa na wale ambao mahindi yao hayakupimwa siku hiyo.

Basi timu yetu ya besiboli, Kambare, ilipofufuka baada ya vita vya pili, hakuna aliyeuliza nani atakuwa mwandishi wa mchezo. Nasema ilipofufuka kwa sababu ilishakufa mara mbili. Ilizaliwa mwaka wa kumi na moja, vita vya kwanza vikaiua. Ikaamka tena mwaka wa ishirini na tano, dhiki ya miaka ya thelathini ikaimaliza. Kila ilipoamka meya alipanda jukwaani akaapa kwamba safari hii ni ya kudumu, na sisi tulimpigia makofi, maana mji usio na timu ulionekana ni kituo tu cha treni kuchukulia maji.

Ilikuwa timu ya daraja la chini kabisa, la mwisho, chini yake kuna uwanja wa shule. Vijana waliletwa na klabu kubwa kutoka mbali ili waangaliwe. Aliyefanya vizuri aliitwa juu, akapanda treni, hatukumwona tena. Aliyefanya vibaya aliachwa. Kwa hiyo tulikaa pale kiangazi kizima tukimshangilia kijana kwa nguvu zetu zote mpaka tunanyang'anywa, halafu Septemba tunalalamika kwamba timu ni mbovu.

Kazi ya mwandishi wa mchezo ni kuamua jambo moja ambalo refa halimhusu. Mtu akipiga mpira akafika salama kwenye kituo cha kwanza, amefika kwa uhodari wake, au kwa sababu mlinzi wa upande wa pili ameboronga? Likiwa la uhodari linaandikwa pigo, na mpigaji anahesabiwa. Likiwa la kuboronga linaandikwa kosa, mpigaji hapati kitu. Vondrak alikaa kwenye kibanda juu ya paa la jukwaa, peke yake, na penseli tatu. Akinyoosha kidole kimoja ni pigo, akikunja ngumi ni kosa, na kule mwisho wa uwanja binti yake Libby, aliyekuwa akiendesha ubao wa matokeo, aliwasha taa nyeupe au nyekundu.

Sasa, miji mingine mwandishi huwapendelea vijana wa nyumbani kidogo. Ndiyo desturi, hata wageni wanaitarajia. Vondrak, ili asije akasemwa, aliwabana vijana wetu kuliko wageni. Mpira ambao popote pengine ungeitwa pigo bila mtu kuinua macho, yeye alikunja ngumi. Wageni walipenda sana kuja kucheza kwetu. Vijana wetu walimaliza msimu na hesabu mbaya kuliko walivyostahili, wengine wakaachwa wakarudi kwao kulima, na mji ukasema ama kweli yule mzee ni mwadilifu. Aliposikia hayo hakutabasamu, lakini alitembea ameinua kidevu.

Mkewe alikufa Libby akiwa na miaka kumi na miwili. Tangu hapo wakaishi wawili tu katika nyumba ya mbao nyuma ya ghala la nafaka. Libby alikua, akapata kazi ya kuunganisha simu, na kila Jumamosi alioka kolachi, ile mikate midogo ya Kicheki yenye tunda katikati, kama alivyofundishwa na mama yake. Jioni baba na binti walikaa jikoni wakibishana juu ya mchezo. Libby pekee ndiye aliyethubutu kumwambia Emil amekosea. Emil alimpenda kupita kiasi, na kwa kuwa hakujua kulisema jambo hilo, alikuwa akimpigia rangi viatu.

Ndipo mwaka wa hamsini na moja akaja Roscoe Tidwell.

Roscoe alitoka Arkansas, mlinzi wa kituo cha pili, mwembamba, domo kaya asiyeijua siri, na alitafuna tumbaku. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitano, ambao kwa daraja lile ni uzee. Mwezi wa sita alishaanza kumsindikiza Libby kutoka kazini. Mwezi wa saba alialikwa chakula cha Jumapili, akala nyama ya nguruwe na madonge ya unga sahani tatu, akasifu kila kitu pamoja na pazia. Emil alimtazama kwa macho makavu. Wachezaji aliwajua. Kila Septemba alikuwa akiwaona wasichana wa mji wakilia pale stesheni kwa ajili ya watu ambao hata barua hawataandika, halafu Novemba wakiolewa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Aliapa moyoni kwamba wake hatakuwa mmoja wao. Na chini ya kiapo hicho kulikuwa na kingine ambacho hakukisema hata mbele ya kioo: hakutaka kula peke yake.

Mwishoni mwa Agosti meneja wa timu alimwaga habari zote kwa kinyozi, na kwa kinyozi ni sawa na kuzitangaza redioni. Klabu kubwa imeandika barua. Atakayemaliza msimu na mia tatu, yaani mapigo matatu katika kila mara kumi, ataitwa kwenye timu yao ya Texas. Wengine wote waachwe. Roscoe alikuwa anachungulia mia tatu kwa chini. Na Roscoe mwenyewe, kama ilivyo ada yake, alishautangazia mji kwamba akiachwa haendi popote, muuza matrekta amemwahidi kazi, atabaki hapa hapa Orrin Falls.

Atabaki hapa hapa. Emil aliyasikia maneno hayo kwa kinyozi, sabuni shavuni, akatembea nayo siku nne.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Jumapili mchana, jua kali, watu mia mbili na hamsini kwenye viti elfu na mia mbili. Waliobaki walikuwa majumbani mwao wakitazama timu kubwa za Chicago bure kwenye televisheni. Hadi Roscoe anakwenda kupiga kwa mara ya mwisho, Emil alishaipiga hesabu mara mbili. Hii ilikuwa mara yake ya mia nne msimu ule. Alikuwa na mapigo mia na kumi na tisa. Akipata moja, mia tatu kamili. Akikosa, mia mbili tisini na nane, na matrekta.

Roscoe akapiga. Mpira ukaviringika polepole chini, moja kwa moja kwa mlinzi wa kituo cha tatu wa wageni, bila kurukaruka, bila haraka. Bibi kizee mwenye kikapu cha mayai angeuokota. Yule bwana akainama, mpira ukampita katikati ya miguu, akabaki ameinama akiutafuta. Roscoe akafika kituo cha kwanza. Lilikuwa kosa. Mtoto wa shule angelijua.

Emil alishakunja ngumi. Mkono ulikuwa umeanza kupanda wenyewe kwa mazoea ya miaka. Halafu akamwona Roscoe amesimama pale, mikono kiunoni, anatazama ubao wa matokeo. Hapana, si ubao. Anamtazama Libby. Emil akawaza: Texas ni mbali. Akanyoosha kidole kimoja.

Taa haikuwaka. Kule mwisho wa uwanja Libby alikuwa amejikinga jua kwa mkono, anamkodolea macho baba yake. Emil akanyoosha tena, juu zaidi. Taa nyeupe ikawaka.

Watu wote waligeuka kukitazama kibanda. Kisha mtu mmoja akaangua kicheko, na watu mia mbili na hamsini wakasimama wakapiga makofi, si kwa Roscoe, kwa Vondrak. Hata meneja wa wageni alimvulia kofia. Alipokuwa akishuka ngazi kila mtu alitaka kumpiga bega. Kumbe mzee ana moyo, walisema. Kumbe damu inapita mle. Kinyozi alimwahidi kumnyoa bure mwezi mzima. Miaka yote ile ya kusema kweli hakuwahi kupata hata kikombe cha kahawa, na sasa uongo mmoja tu umempa kunyolewa nywele na ndevu.

Desturi ilikuwa hivi: karatasi ya mchezo hukaa na mwandishi mpaka treni ya posta ya saa nne asubuhi, siku inayofuata. Hadi hapo anaweza kufuta na kubadili, hakuna wa kumwuliza. Ikishaondoka imeondoka. Jumatatu asubuhi karatasi ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya koti, na Emil alikuwa mezani akinywa kahawa, mwenye haya kidogo lakini mwenye amani. Libby akavuta kiti.

"Baba, Roscoe akiitwa Texas, nakwenda naye. Tutafunga ndoa Jumamosi."

"Wachezaji hawaoi, mwanangu."

"Huyu ameniomba mara tatu tangu mwezi wa saba. Nilimkatalia. Nilimwambia, baba yangu simwachi, kama unanitaka utaishi Orrin Falls. Akakubali. Matrekta yale unadhani ni wazo la nani? Tulishaangalia hata vyumba kwa mama Hruska, hapo mtaa wa pili." Akacheka kidogo, akajifuta jicho. "Mungu anisamehe, jana niliomba asipate. Mpira ulipompita yule mlinzi nikasema asante, nitabaki na baba. Halafu wewe ukanyoosha kidole."

Emil akanyanyua kikombe cha kahawa.

"Lilikuwa kosa, Baba. Najua, na wewe unajua kwamba najua. Hujawahi kusema uongo hata kwa kaka yako. Nikakaa pale juu nikajiuliza, kwa nini? Ndipo nikaelewa. Unaniambia niende. Unaniambia nisiwe na wasiwasi juu yako." Akamshika mkono. "Nisingeondoka kamwe kama usingenipa ruhusa."

Kahawa ilimpita njia mbaya, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Libby akampiga piga mgongoni akidhani ni uchungu wa mapenzi. Emil akachukua koti, akasema anawahi treni.

Stesheni alikaa kwenye benchi, akaitoa karatasi, akaitoa penseli yenye kifutio. Ilikuwa imebaki robo saa. Kufuta alama moja tu, na kila kitu kingekuwa sawa: Roscoe angeuza matrekta, Libby angekaa mtaa wa pili, kolachi zingekuja kila Jumamosi. Na cha ajabu, ingekuwa ndiyo kweli yenyewe. Hajawahi mtu kupewa kweli iliyo tamu kiasi kile. Ila ingebidi arudi nyumbani amwambie Libby kwamba kile kidole hakikuwa cha baraka. Kwamba alitaka kumfukuza mchumba wake kwa hila, kama mwizi wa kuku. Aliuona uso wa Libby vile ulivyokuwa pale mezani. Tangu mama yake afe hakuwa ameuona umefunguka hivyo, na umefunguka kwa ajili yake, Emil, ambaye hakustahili hata kidogo.

Alisaga kifutio kwa kidole gumba mpaka kikakatika. Treni ikaingia. Akaitumbukiza bahasha kwenye mfuko wa posta kwa mkono wake mwenyewe, na aibu ikamshuka toka utosini mpaka kwenye soksi.

Harusi ilifana. Padri alimsifu madhabahuni kama baba aliyejua kuachia. Kambare walicheza msimu mmoja zaidi mbele ya viti vitupu, wakafa, na safari hii hakuna aliyewafufua. Uwanja ukawa maegesho ya magari. Roscoe huko Texas alipiga mia mbili na kumi, akaachwa kabla ya mwezi wa saba. Emil aliposikia alifua mashuka ya chumba cha wageni. Lakini walikuwa wamekwisha pata nyumba kule, na Roscoe alikuwa amepata kazi. Ya matrekta.

Aliishi peke yake miaka kumi na mitano, akipima mahindi. Wakulima walimtania, mzee, leo ninyooshee kidole, naye hakuwahi kumwongezea mtu hata ratili moja. Alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, Libby alikuja kutoka Texas akakaa kando ya kitanda wiki mbili. Alasiri moja Emil akaomba ainuliwe mto.

"Kile kidole," akasema, "nilikinyoosha ili yeye aondoke. Wewe ubaki. Sikukupa ruhusa yoyote. Nilikuwa na wivu, Libby. Hilo tu."

Libby akainama akambusu kwenye paji la uso.

"Hata leo hutaki kushukuriwa," akasema. Akamvutia blanketi mpaka kidevuni, akaenda kumwita nesi aje apime homa.