Vyuma vya Gita Nilivyovaa Kinyume

Baba alinifundisha gita nikiwa msichana kule Timboroa, kwa kidole gumba na cha shahada peke yake, maana yeye mwenyewe hakujua njia nyingine. Sidai kwamba ninapiga vizuri. Kanisani wananivumilia. Kwenye harusi wananialika wakati nimeshawashonea nguo za maharusi, kwa hivyo siwezi kusema kama ni gita wanapenda ama ni adabu tu. Lakini Baba alipenda. Hilo nilikuwa na uhakika nalo mpaka alipokuja kututembelea hapa Eldoret, msimu wa kupanda.

Alikaa kwenye kochi, akatingisha mguu, nami nikampigia wimbo wake wa zamani wa kuvuna viazi. Katikati waya moja ikakatika kwa kishindo. Hakushtuka hata kidogo. Nikaingiwa na wasiwasi, nikapeleka mkono juu ya zile waya zingine bila kuzigusa. Baba akaendelea kutingisha mguu, anatabasamu, macho kwenye mkono wangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba masikio yake yamechoka, na kwamba amekuwa akisikiliza kwa macho ili asituhuzunishe.

Usiku ule sikula vizuri. Lakini nisimlaumu mzee peke yake. Mimi ni fundi wa nguo, kucha nakata fupi, na ile ya kidole cha shahada ilitobolewa na sindano ya cherehani, tangu hapo inaota imepasuka. Nilikuwa napiga kwa nyama ya kidole. Sauti yenyewe ilikuwa kama maharagwe yakimwagwa kwenye gunia. Pengine hata mwenye masikio mazima hangepata kitu.

Nilimwelezea mtoto wa dada yangu, anayesoma Amerika kwa sababu ya mbio zake. Akaulizauliza huko, kisha akanitumia zawadi kupitia mkimbiaji mwenzake aliyekuwa anarudi nyumbani: vyuma vidogo vya kuvaa vidoleni unapopiga gita, na kimoja cha plastiki cha kidole gumba. Kila chuma ni kama pete isiyofungwa, na mbele ina ulimi kama wa kijiko cha mtoto. Maelezo hayakuwepo. Nami nikaona aibu kumwuliza, mtu mzima kushindwa kuvaa pete.

Sasa, fundi akipewa chuma cha kidoleni anajua moja tu, nayo ni kastabani. Kastabani inatulinda tunaposhona kwa mkono kitambaa kizito, na sindano tunaisukuma kwa upande wa kucha. Kwa hivyo nikavaa vile vyuma ulimi ukiwa juu ya kucha, umechomoza mbele kama ukucha wa chui. Nikajiona nimeweza. Nikavuta waya ya kwanza, chuma kikateleza, kikaruka, kikatumbukia kwenye sufuria ya mboga ya sukuma wiki.

Mume wangu alikuwa anaingia kutoka kukamua ng'ombe. Akakichungulia mle ndani.

"Leo tunakula gita?"

"Kinaponyoka," nikamwambia. "Nafikiri ni saizi."

"Saizi ya kidole ama ya kichwa?"

Nikachukua koleo, nikakibana mpaka kidole kikawa rangi ya zambarau. Kikakaa, lakini waya bado ilikuwa inateleza, na kila nikivuta kilinichimba nyuma ya kucha. Mume wangu alikuwa amevuta kiti, anatazama kama mtu aliye kwenye mechi.

"Hebu niambie. Hiyo waya unaisukuma ama unaivuta?"

"Naivuta."

"Kama chuchu ya ng'ombe?"

"Usianze, baba watoto."

"Nauliza tu. Mimi chuchu navuta na tumbo la kidole. Kucha haina kazi hapo."

Nilimwambia aende anawe mikono, kwamba mtu ambaye hajawahi kushika gita asifundishe wengine. Akaenda anacheka. Na alipotoka nikakigeuza.

Naandika hili kwa haki yake: ni yeye aliyesema. Mimi nasema alikuwa anatania, yeye anasema hakuwa anatania, na hatujamaliza huo ubishi.

Ulimi unakaa upande wa tumbo la kidole, na kucha inabaki wazi nyuma. Hiyo ndiyo siri yote, na bado ilinichukua muda kupata mengine. Pete haitaki koleo. Unaibana kwa vidole polepole mpaka isizunguke, lakini damu ipite. Ulimi ukiwa umenyooka unakwama kwenye waya, kwa hivyo unaukunja kidogo ufuate mviringo wa kidole. Ile plastiki ya kidole gumba ilinibana, nikaichovya kwenye maji moto ikalainika, nikaipanua kidogo, nikaishikilia mpaka ikapoa. Ulimi wake unaelekea kwenye vidole vingine. Huenda wajuzi wana njia bora. Mimi nasema iliyonifaa.

Na sauti ilitoka. Kali, safi, kama kijiko kikigonga kikombe cha bati. Lazima niseme nyama ya kidole ina utamu ambao chuma hakina. Lakini utamu ambao Baba hausikii ungemsaidia nini?

Alirudi wakati wa kuvuna mahindi. Baba huniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mamake.

"Mama, vidole vimepatwa na nini?" akauliza kwa sauti ya juu, kama wasiosikia wanavyouliza.

"Ni vya gita, Baba."

"Vya nini?"

Nikampigia. Mguu ukaanza kutingishika. Mume wangu akaninong'onezea, "Amesikia." Nami nikamwambia, "Ama anaangalia mkono." Maana ule mguu ulikuwa umeshanidanganya. Wimbo ulipoisha Baba akasema ni mzuri sana, na hata hilo halikunitosha, kwa sababu Baba husema hivyo hata kwa mahubiri asiyosikia.

Akatoka kwenda kuona ndama. Mlango ukabaki wazi, nami nikaendelea kupiga, zaidi kwa kukosa la kufanya. Nilimwona amesimama kwenye zizi, ametugeuzia mgongo, anamkuna ndama shingoni. Nikafika mahali ambapo wimbo unapanda. Hapo huwa narahisisha, maana ni pagumu, na sikudhani kuna mtu anajali.

"Mama," akaita. Hakugeuka.

"Naam, Baba."

"Hapo umeruka."

Mume wangu akaweka kikombe chini.

"Wapi, Baba?" nikauliza kwa nguvu ili anisikie.

"Panapanda mara mbili. Wewe umepanda mara moja, halafu umekimbia. Rudia."

Nikarudia. Machozi yalikuwa yameanza, sijui kwa nini, maana nilikuwa nacheka pia.

"Bado," akasema Baba, mkono ukiwa shingoni mwa ndama.

"Mzee, mkazanie," mume wangu akapaza sauti. "Amezoea kuruka huyu."

"Wewe nyamaza, nasikiliza."

Nikarudia tena. Akasema bado. Tukawa hivyo, yeye zizini na mimi kwenye kochi, ananikosoa, mpaka chai yake ikapoa na tukalazimika kumpikia nyingine.