Nilipeleka spika nane kanisani Msasani, nikaambiwa kazi yangu ni kuzima

Wakuu, poleni na majukumu.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo nauacha ulivyo. Wanaosubiri chai, stori za kutunga, wavumilie, leo sijabandika birika, haya yamenikuta mwenyewe na yananihusu mimi tu.

Mimi ni mtu wa mitambo ya muziki. Siyo DJ, DJ ni yule anayeonekana. Mimi ni yule aliyekaa nyuma ya mixer na fulana nyeusi, anayelaumiwa mic ikipiga mluzi. Nyumbani ni Tandika, Temeke. Miaka kumi na tisa nimefunga mitambo ya harusi, kampeni, maulidi, mikutano ya injili, na singeli ile ya kupanga spika ukuta mzima mpaka mabati ya jirani yanacheza. Kazi yangu naijua na sipendi kuelekezwa.

Hilo la kutopenda kuelekezwa lishikeni, mbele linakuja kuniaibisha.

Kipindi hiki cha baridi akanipigia simu mama mmoja, Mama Kimaro, mwalimu mstaafu. Ni katibu wa kamati ya matamasha kwenye kanisa moja kule Msasani. Akaniambia kila Jumamosi jioni, msimu huu wa kipupwe, wanaleta wapigaji wa muziki wa classical, watu wanaingia bure, na mtu wao wa sauti amesafiri.

"Baba, nataka mtu anayejua sauti," akasema.

Nikamwambia mama, umefika.

Hakutaja spika hata moja wakuu. Spika nilizijaza mimi mwenyewe kichwani.

Jumamosi saa sita mchana nikatua pale na Canter. Spika nane, bini nne, yale maboksi makubwa ya besi, amplifaya tatu, kebo maboksi mawili na jenereta ya akiba. Mama Kimaro akatoka kunipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hivi vyote vya nani?"

"Vya shughuli yetu ya leo, mama."

Akacheka mpaka akashika mlango. Ndipo akanieleza kwamba muziki ule haupitishwi kwenye spika. Wanapiga hivyo hivyo, mikono na mbao. Yeye anataka mic moja ya kukaribishia watu na kushukuru, basi. Kazi yangu kubwa ni kutafuta kila kitu kinachopiga kelele mle ndani nikizime.

Niliona nimetukanwa. Kanisa lenyewe dari iko juu kweli kweli, mabenchi yanakula watu kama mia tatu hivi. Nikasema moyoni, haya, wa nyuma leo wataangalia mikono ikitembea. Nikashusha mixer ndogo, spika moja na mic, dereva akarudi na mzigo wote Temeke.

Nikaanza kuzima. Feni zote. Friji la ofisini. Saa ya ukutani nikaitoa betri. Nikatoka mpaka kijiwe cha bodaboda kuwaomba wasipige resi mbele ya geti jioni ile.

"Kuna msiba, braza?" mmoja akauliza.

"Hapana, kuna muziki."

"Muziki gani unataka watu wanyamaze?"

Nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Wapigaji wakafika, wanne. Fidla mbili, nyingine kubwa kidogo wanaiita viola, na cello, ile inayokaa katikati ya magoti. Fidla siyo ngeni kwangu, marehemu baba alikuwa mtu wa taarabu. Kiongozi wao ni dada anaitwa Neema, anafundisha watoto muziki. Mpole, anaongea kwa sauti ya chini sana. Nusu ya aliyoniambia nilijibu "eeh" bila kuyapata.

Wakajaribu kidogo, akasimamisha.

"Kaka, kuna kitu kinalia. Kama filimbi, nyembamba, iko juu."

Wenzake wote watatu wakakubali kwa kichwa. Mama Kimaro, bibi wa wajukuu tisa, naye akasema anaisikia.

Mimi sikusikia kitu.

Hapa nitoke nje ya stori kidogo.

Kwa miaka kama miwili masikio yangu yalikuwa yanalia "ngiiii" baada ya kila shughuli. Zamani ilikuwa inakwisha asubuhi, baadaye ikawa haikwishi. Mke wangu, Mama Zuhura, akaanza kuniuliza mbona namwita kama yuko ng'ambo ya Kigamboni wakati yuko jikoni. Kwenye maharusi watu wa meza za mbele wakawa wanatuma ujumbe kwamba sauti inachoma, inakata masikio. Nilikuwa nawajibu hawajui muziki.

Ukweli ni kwamba treble, ile sauti nyembamba ya juu, nilikuwa naipandisha kidogo kila mwezi kwa sababu naona imefifia. Nilijua wakuu. Ndani kabisa nilijua. Lakini mtu wa sauti asiyesikia anakula wapi? Nina watoto watatu na hii ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nikanyamaza.

Turudi kanisani.

Nikakubali kwa kichwa, nikasema, "Eeh, naisikia." Nikaanza kuzunguka nachomoa plagi moja moja huku namtazama Dada Neema usoni. Chaja ya simu ya mtu, uso haujabadilika. Taa ya pembeni, bado. Kinanda cha umeme, bado. Jasho linanitoka na baridi ile. Mwisho nikachomoa adapta ya mixer yangu mwenyewe.

"Hapo," akasema. "Imekata."

Yaani filimbi nimekuja nayo mimi kutoka Tandika.

Nikacheka, nikalaumu adapta za siku hizi, nikafunga nyingine. Wao wakacheka.

Saa kumi na moja na nusu kanisa limejaa. Wazungu wa kule kule Msasani, wazee wa Kihindi na wake zao, akina mama wa kwaya, watoto na vifidla vyao mgongoni. Mama Kimaro akakaribisha watu, nikashusha sauti ya mic, nikakunja mikono pale kwenye mixer, ubavuni mwa mabenchi, nione aibu yao.

Nikaona mabega ya wote wanne yanapanda kwa pamoja, kama watu wanaotaka kuingia kwenye maji. Kisha pinde zikagusa nyuzi.

Wakuu, kanisa likajaa.

Sijui niliseme vipi vingine. Likajaa, na hakukuwa na waya. Kelele naijua, nimeiuza miaka kumi na tisa. Ile haikuwa kelele. Ilikuwa sauti imekaa kila mahali na haimsukumi mtu.

Kwa kutoamini nikainuka polepole, nikatembea mpaka benchi la mwisho, kama ninavyofanya kila shughuli kukagua kama sauti inafika. Inafika. Nikaenda nyuma ya nguzo, mahali ambapo sauti ya spika yoyote ambayo ningefunga ingefia. Inafika. Msicheke, niliinama nikachungulia kama wameficha spika pale chini. Mzee mmoja wa Kihindi akanitazama, akanionyesha kwa mkono, umedondosha nini? Nikatikisa kichwa nikajikalia hapo hapo.

Halafu ile cello. Bini zangu zinatoa besi ya kukupiga kifua. Besi ya yule kaka haikupiga mtu. Ilikuja chini chini kwenye mbao za benchi. Nikaweka kiganja, benchi likawa linatetemeka kidogo tu, kama mgongo wa paka. Nikatokwa na machozi. Mnaotaka kunicheka chekeni, nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo.

Na ukimya wake sasa! Watu mia tatu wa Dar, hakuna simu, hakuna "samahani nipite". Mtu anataka kukohoa anaona aibu, anasubiri mpaka wamalize. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi hivyo wanamtunzia mtu mwingine sauti yake.

Mapumziko waliyapanga yaangukie adhana ya magharibi, msikiti uko mtaa wa pili. Mama Kimaro aliniambia wao hawashindani na adhana, wanaipisha. Nikaenda kuswali, nikarudi kwenye mixer, na nakiri rakaa ya pili fidla ilikuwa bado iko kichwani. Mungu anisamehe.

Kikaja kipande cha mwisho. Mama Kimaro aliniagiza, "Wakimaliza tu nifungulie mic, nishukuru kabla watu hawajainuka." Kazi moja tu.

Kipande kilianza kikubwa, kikawa kinapungua. Cello ikanyamaza. Viola ikanyamaza. Fidla ya pili ikanyamaza. Akabaki Dada Neema peke yake, anapanda juu huku anapunguza, anapanda, anapunguza. Kisha kimya.

Nikavuta pumzi mbili, nikapandisha mic.

Spika ikapiga "tup!" halafu ikavuma, vuuuu.

Kanisa zima likageuka. Hawakuwa na hasira, walikuwa kama watu walioamshwa usingizini. Nikamtazama Dada Neema mbele kule.

Upinde wake ulikuwa bado unatembea.

Ulikuwa unatembea wakuu, taratibu, kidole chake kimebana juu kabisa. Nikashusha mic. Watu wakageuka tena mbele. Mtoto mmoja benchi la kwanza mdomo wazi, anasikiliza. Mama Kimaro amefumba macho, anasikiliza. Wote walikuwa pamoja ndani ya kitu kimoja na mimi niko nje, natazama muziki kama TV iliyozimwa sauti. Niliogopa. Na bado ilikuwa ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, zile shingo zote zimeelekea mahali pamoja.

Upinde ukafika mwisho. Hata hapo hakuna aliyepiga makofi mpaka aliposhusha mkono.

Makofi niliyasikia vizuri sana.

Watu wakatoka. Nikawa nakunja kebo nimeinama, nasubiri kusemwa. Dada Neema akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Kaka, ile ya mwisho hukuisikia?"

Nilikuwa nimeshaandaa uongo kuhusu mixer mbovu. Nikafungua mdomo, kikatoka kingine.

"Sikuisikia, dada. Na ile filimbi ya mchana sikuisikia. Nilikuwa nakusoma usoni."

Ilikuwa mara ya kwanza namwambia binadamu. Nimemwambia mtu niliyefahamiana naye mchana ule, kabla ya mke niliyeishi naye miaka kumi na minne.

Hakunipa pole. Akaitoa fidla kwenye mkoba wake.

"Hebu shika hapa," akasema, akanionyesha pale juu kwenye kichwa cha fidla penye vile vigingi vya kukazia nyuzi. Nikaweka vidole viwili. Akaweka upinde, akapiga ile sauti tena, ile ile.

Masikioni, hakuna. Lakini vidoleni ikaingia. Ndogo sana, kama simu ya mtetemo ndani ya begi la nguo. Nikaishika mpaka ikakata.

"Ipo," akasema.

"Ipo," nikamjibu.

Nikamwomba radhi Mama Kimaro. Akasema, "Jumamosi ijayo uje tena baba, ila mic nitakupungia mkono." Mpaka leo ananipungia mkono.

Nyumbani nikamkalisha mke wangu, nikamweleza yote. Akanitazama.

"Baba Zuhura, unadhani ni siri? TV yako mtaa mzima wanaisikilizia kwao."

Akacheka, halafu akalia, halafu akaniambia Jumatatu tunakwenda hospitali wote.

Wakaniingiza kwenye kijichumba, headphone kichwani, nibonyeze kitufe nikisikia. Kuna muda nilikaa kidole juu ya kitufe nasubiri tu, daktari ananiangalia kupitia kioo. Jibu likawa zile sauti za juu zimekwenda na hazirudi. Zilizobaki naweza kuzitunza, nikiacha ujinga.

Siku hizi naziba masikio nikiwa kazini. Treble naseti mwenyewe, halafu namwita Mama Zuhura aje asikilize. Kila mara anaishusha. Watu wa meza za mbele hawajatuma ujumbe tena.

Vijana wenzangu wa mitambo, na nyie mnaosimama mbele ya spika usiku kucha mkijiona wanaume, ile "ngiii" siyo uchovu. Kuna kitu kinaondoka na hakiagi. Nunueni vizibo vya masikio. Na mke akikwambia unapiga kelele usimjibu vibaya, anakupa majibu ya kipimo bila kukutoa Temeke.

Bado nakwenda Msasani kila Jumamosi, hata wiki ambazo sina kazi pale. Nakaa benchi la kwanza. Ninayoyasikia yananitosha kunyamaza.

Wenye uzoefu na masikio shusheni hapa chini, tusaidiane. Lakini nina ombi moja kwa mtu yeyote aliyekuwepo kanisani Jumamosi ile mic ilipopiga "tup". Ndiyo, ni mimi, nisamehe. Niandikie ile sauti ya mwisho ilikuwaje. Usiniambie ilikuwa nzuri, nzuri niliiona kwenye nyuso zenu.

Niambie ilikuwaje. Ikikuchukua mistari kumi, andika yote kumi, nitaisoma.