Tai Yangu Chini ya Bendera

Siku yangu ya kwanza ya kazi Lubumbashi nilivaa tai. Kwetu Kigoma, mwalimu wa Kiingereza asiye na tai wanafunzi walimwona mpiga porojo tu, nami nilikuwa nimeshuka kwenye treni jana yake, sijui Kifaransa, sijui mtu. Kutoka mtaa wa Kamalondo, nilikolala, hadi shuleni watu walinigeukia njia nzima. Nikadhani ni heshima.

Zilikuwa enzi za Zaire na Chama kimoja, na tai ilikuwa imepigwa marufuku kama vazi la wakoloni. Wanaume wa ofisini walivaa abakosi, koti la kufungwa vifungo hadi karibu na shingo. Nilifika wanafunzi wamesimama mistarini wakiimba wimbo wa bendera. Prefe, ndivyo anavyoitwa mkuu wa sekondari kule, alikuwa akinitarajia. Akaniashiria nisimame kando yake. Wimbo ulipokwisha, mjumbe wa Chama akatujia moja kwa moja.

"Citoyen préfet," akaanza, kwani enzi hizo kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, "huyu muntu iko na nini mu shingo?"

Walimu wenzangu wakatazama chini. Kwa kosa hilo mgeni angeweza kulala mahabusu na kurudishwa kwao kabla hajashika chaki.

"Ile njo matériel didactique," prefe akajibu, yaani zana ya kufundishia. "Huyu njo mwalimu wa Kingereza. Leo anafundisha majina ya nguo za Bazungu. Kuya mu kalasi, utaona."

Jamani, somo nililoandaa lilikuwa la matunda na mboga.

Mjumbe akaja kweli, akaketi dawati la nyuma, prefe ubavuni pake. Nikavua tai, nikaininginiza kidoleni, wanafunzi wakaitaja kwa Kiingereza. Nikaonyesha shati, mkanda, kiatu. Jasho lilinitoka, ila vijana wale walikuwa wepesi ajabu; nikitamka neno, wamelidaka. Mambo yalikuwa yananyooka hadi msichana mmoja aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, Bazungu banafunga hii juu ya nini?" Kule "juu ya nini" ni kwa nini.

Nikiisifu tai, nimekwisha. Nikiiponda, mjumbe ataniuliza kwa nini niliivaa. Jibu likatoka nyuma, kwa prefe:

"Juu kwabo iko baridi. Shingo inabauma."

Darasa zima likacheka, na mjumbe naye akacheka mpaka akatoa leso. Alipoondoka alisema tai ikae ofisini kwa prefe, isionekane tena nje.

Wakati wa mapumziko nilimfuata prefe, nikamuuliza kwa nini alinitetea. Alikuwa anapanga ratiba, hata hakuinua kichwa.

"Batoto balingojea Kingereza wakati murefu. Kama balikupeleka, ningepata wapi mwalimu mwingine? Enda ufundishe."

Nikafundisha. Nimefanya kazi chini ya maprefe wengi, Lubumbashi na Kipushi, wengine wakali, wengine wasomi wa kutisha, na mwishowe nikakalia kiti hicho mimi mwenyewe hadi nilipostaafu. Ninyi walimu vijana huniuliza ukuu wa shule ni nini. Ratiba, mitihani, wakaguzi, hayo mtayazoea. Mimi humfikiria yule bwana, na bado nampenda. Alikuwa na mke na watoto, na mjumbe angeweza kumwangusha kwa neno moja. Aliyaweka hayo yote rehani kwa ajili ya mgeni ambaye alikuwa amemjua kwa muda wa kuimba wimbo mmoja.