Ukuta wa Kanisa na Miaka ya Avril

Kila mtu wa mtaa wetu hapa Otley, Uingereza, alijua kwamba Avril Holroyd aliuparuza ukuta wa kanisa kwa gari. Mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Jioni moja ya Novemba alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, na asubuhi yake akakuta mchubuko mrefu ubavuni mwa kigari chao cha bluu, kuanzia mlango wa nyuma hadi juu ya gurudumu. Akakumbuka kwamba aligeuza gari karibu na ukuta ule, mvua ikinyesha. Hakukumbuka kugonga kitu. Lakini Avril ni mtu wa kujishuku yeye kabla ya kumshuku mwingine, akaingia jikoni akamwambia mumewe, "Clifford, nimeharibu gari."

Clifford alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Akaendelea kupaka mpaka ukingoni. "Gari ni bati tu, mpenzi," akasema.

Hawakwenda kudai bima. Akina Holroyd hawajawahi kudai. Tangu walipooana waliliendesha gari lao nusu kwa nusu: Clifford kwenda kiwandani, Avril kwenda kupika shuleni na kuimba kanisani. Kila Machi ilikuja barua ya bima yenye mstari mmoja waliousubiri kama matokeo ya mtihani: idadi ya miaka bila dai. Kadiri miaka ilivyoongezeka, ndivyo ada ilivyopungua. Toroli la sokoni lilipobonyeza mlango, walilipa fundi wenyewe. Basi lilipovunja kioo cha pembeni na kutokomea, walilipa wenyewe. Na huo mchubuko wa ukuta wa kanisa uliwagharimu wiki yao ya mapumziko ufukweni Whitby. Mwaka ule hawakuiona bahari.

Barua zilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Thelathini na moja zilikuwa humo.

Mtaani, hata hivyo, mambo hayaishi kwa kulipa fundi. Desmond Peel, jirani wa ukuta mmoja, alipata cha kusema kwa miaka minne. Kila Avril alipotoka na ufunguo mkononi, alipiga kelele kutoka bustanini: "Angalia, Avril! Nasikia leo kanisa limesogea!"

"Lisogee likufuate wewe, mpagani mkubwa," Avril hujibu, na Desmond hucheka mpaka akohoe.

Clifford naye alicheka. Nilidhani, kama wote, kwamba ni kicheko cha mume anayempenda mkewe.

Kisha macho yakaanza kumsaliti Clifford, au tuseme yakaanza kumsaliti mbele za watu. Sheria ya hapa ni rahisi: dereva asome namba ya gari lililo mita ishirini mbele yake. Majira ya kuchipua Avril alianza kumjaribu wakiwa mlangoni. "Soma ile nyeupe." Clifford alisoma bila kukwama. "Ile ya Desmond." Akasoma. Akasoma zote, mpaka mwisho wa mtaa, kama mtoto anayeghani shairi.

Siku moja gari la kuleta vifurushi likaegesha mbele ya nyumba.

"Soma hiyo."

Clifford alikunja macho, akasogea hatua moja mbele.

"Clifford."

"Hilo si la mtaa huu," akasema.

"Ndiyo maana nakuuliza."

Alikuwa amezikariri. Mzee wa miaka sabini na mbili alitembea jioni baada ya jioni akiinama mbele ya magari ya majirani, akihifadhi namba kichwani ili mkewe asijue kwamba katikati ya kila kitu anachokitazama pana doa. Avril hakugomba. Alimshika mkono wakaingia ndani, na Jumatatu walikwenda kwa daktari wa macho huko Leeds. Clifford alirudisha leseni yake wiki ile ile. Kila mwezi sasa atadungwa sindano ya jicho, Leeds, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na jicho moja limefungwa pamba.

"Nitakupeleka mimi," Avril akasema. "Gari tunalo."

Hapo ndipo walipogundua kosa ambalo watu wa rika lao wengi hapa wamelifanya bila kujua ni kosa. Walipooana, aliyeandikwa mwenye bima ni mume. Mke aliandikwa chini, dereva wa ziada. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Miaka thelathini na moja waliilinda wote wawili, wakakosa bahari kwa ajili yake, lakini kwenye karatasi ilikuwa ya Clifford peke yake. Avril alikuwa na sifuri, sawa na msichana aliyefaulu mtihani wa udereva jana. Kwa sifuri hiyo ada ingepanda karibu mara tatu, na pensheni zao mbili haziwezi. Wangeuza gari, na Clifford angepanda mabasi manne na jicho lake la pamba.

Desmond aliwapa njia ya mkato. "Mwache Clifford aandikwe dereva. Wewe endesha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Desmond," Avril akasema. "Na huyo 'mimi' nalala naye chumba kimoja."

Nilipoambiwa hayo nilimheshimu kuliko maaskofu wengi. Watu husema uongo wa karatasi si uongo, kwa kuwa karatasi haina uso. Avril hakukubali kununua safari za hospitali kwa jina la mtu asiyeona.

Akapiga simu kwenye bima. Aliweka sauti isikike jikoni kote, maana Clifford alipenda kusikia. Binti aliyepokea alikuwa na sauti ya upole.

"Mume wako ameacha kuendesha kwa ugonjwa? Pole sana, mama. Kwetu upo utaratibu. Hatuwezi kukuhamishia yote, lakini tunaweza kukupa miaka mitano kati ya aliyonayo, kwa kuwa mmeliendesha pamoja."

Avril alifumba macho. "Mitano inatosha. Mungu akubariki, mwanangu."

"Kuna sharti moja. Wewe mwenyewe usiwe umepata ajali yoyote kwa miaka mitano. Hata ndogo. Hata kama hamkudai."

Birika lilikuwa limechemka na kujizima. Avril alivuta pumzi, akanyoosha mgongo kama anayesimama kuimba.

"Basi nitakwambia kweli. Miaka minne iliyopita, Novemba, niliparuza ukuta wa..."

"Hapana," Clifford akasema.

"Clifford, acha. Wameuliza."

"Wameuliza, ndiyo. Mwambie ni mimi."

"Usianze kunibebea kosa."

"Sikubebei, Avril. Wewe ndiye umenibeba. Ilikuwa dampo. Ile nguzo ya chuma ya getini. Nilikwenda kutupa zulia mchana ule, kabla hujaenda kwaya. Sikuiona. Nguzo nene kama mimi, na sikuiona. Nikaogopa. Halafu asubuhi ukaingia hapa ukasema umeharibu gari, na mimi nikapaka siagi."

Binti wa simu alisubiri. Nadhani alikuwa amelelewa vizuri.

"Miaka minne," Avril akasema polepole. "Desmond na kanisa lake. Na wewe unacheka."

"Sikuwa nacheka kwa raha."

"Na uliendelea kuendesha. Na watoto wa shule njiani."

"Najua. Hilo ndilo linaloniamsha usiku."

Sitampunguzia Clifford. Alikaa kimya, na kimya chake kilimvisha mke wake kosa lisilo lake, na kiliwaweka watu barabarani hatarini kwa miaka. Kwamba aliogopa tu hakufanyi kosa hilo liwe jema. Lakini naandika pia kwamba aliposikia sharti lile alikuwa na sekunde mbili tu za kuchagua, na alichagua.

Avril aliinua simu. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama. Ajali hiyo tutaiandika kwa jina la baba. Alipaswa kutuambia wakati ule, kwa hiyo kutakuwa na nyongeza kidogo ya ada. Wewe huna ajali. Mitano ni yako."

Barua ilifika Alhamisi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake jina lake lilikuwa juu: Bi. Avril Holroyd, mwenye bima, miaka mitano bila dai. Siku tatu zilizotangulia alikuwa amezungumza na mumewe kuhusu chai na hali ya hewa tu. Barua hiyo alimsomea kwa sauti, mara mbili, kisha akaiweka kwenye kopo, juu ya zile nyingine.

Safari ya kwanza ya sindano ilikuwa Jumanne. Desmond alikuwa bustanini, akafungua mdomo.

"Ilikuwa mimi, Desmond," Clifford akasema kabla hajaanza. "Dampo. Kanisa halikuguswa."

Desmond aliufunga mdomo. Sijapata kuliona jambo hilo tena.

Avril hakwenda moja kwa moja Leeds. Alisimamisha gari mbele ya kanisa, akazunguka, akamfungulia mlango.

"Shuka."

"Tutachelewa."

"Shuka ukaombe radhi."

"Nimwombe nani?"

"Ukuta. Umesingiziwa miaka minne."

Alimwongoza mpaka pale, akaushika mkono wake akauweka juu ya jiwe lenye baridi. Clifford alilipapasa taratibu, juu na chini, akitafuta mchubuko ambao haukuwapo.

"Samahani," akasema, na hakuwa amegeukia ukuta.

"Haya," Avril akasema, akamfuta vumbi kiganjani kwa leso yake. "Panda. Na funga mkanda, nina miaka mitano ya kulinda."