Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Sekela, fundi cherehani wa Tunduma, angejua kitabu kile kingemfikisha wapi, angekiacha kiendelee kufunika ndoo ya unga. Kilikuwa riwaya ya zamani, jalada limeshatoka, habari za dada watatu wanaokua nyumba moja huku baba yao yuko mbali. Aliwasomea wenzake wawili wa kibandani, Yunisi na Shamimu, wakikunja pindo. Siku walipokimaliza, Shamimu alilia mpaka akaunguza kitambaa cha mteja kwa pasi. Basi wakasema, hiki tukiigize.

Wakagawana. Yunisi akawa dada mkubwa, Shamimu kitinda mimba mwenye deko, na Sekela dada wa kati, yule mbishi asiyefunga mdomo. Walicheka sana, maana Sekela wa kweli ni mtu wa "ndiyo" na "asante" tu. Lakini akishakuwa dada wa kati, hata mwenyewe hakujitambua, na alikupenda kutojitambua huko. Walifanya mazoezi miezi mitatu, hadi wanakwaya wa Mbebe wakawaalika ukumbini mwa kanisa, Jumamosi mchana.

Sasa, Mbebe ndiko alikoolewa. Na kwa watu wa nyumba ile, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe uso kwa uso, wala hamsemeshi. Miaka tisa ya ndoa, Sekela akimwona Mzee Andongwisye njiani huchepuka kwenye mahindi mpaka apite. Wakienda likizo, ugali anaupika yeye, anaupeleka mama mkwe. Ndiyo heshima, na hakuwahi kuinung'unikia. Mumewe, Luka, alikuwa amemtoa wasiwasi: "Baba atakuwa msibani Itumba. We cheza, mke wangu."

Luka naye! Marehemu alizikwa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi mzee alikuwa kwake anakunywa chai.

Sekela alipochungulia penye pazia alimkuta kwenye kiti cha mbele kabisa, alichopewa kwa heshima ya umri, fimbo katikati ya magoti. Akitoka, amemvunjia mkwe heshima mbele ya kijiji kizima. Asipotoka, hakuna mchezo, kwa kuwa maneno ya dada wa kati hayajui mwingine. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

"Semea huku nyuma, mi nichezeshe mdomo," Shamimu alinong'ona.

"Na ya kwako atasema nani?" Yunisi akamkata.

"Basi Luka akamwondoe baba yake."

"Luka kajificha chooni."

Sekela akaanza kufungua vifungo vya gauni la mchezo. Iliyomuuma zaidi haikuwa aibu. Ilimuuma kumzika yule dada wa kati kabla hajasema hata neno moja.

Nje, kiongozi wa kwaya aliwatangaza waigizaji, na jina la Sekela likasikika. Mzee Andongwisye alisimama. Watu wakadhani anaondoka. Yeye akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akaketi kuelekea mlangoni, mgongo kwa jukwaa.

"Leo nimekuja na masikio," aliuambia mlango. "Macho nimeyaacha nyumbani. Anzeni."

Vifungo vilirudishwa upesi, kimoja kikakosea tundu. Mwanzoni alisema kwa sauti ya Sekela wa kila siku. Lakini alipofika pale pa "Siolewi eti kwa sababu ghala ni tupu!", kina mama walipiga vigelegele, na mabega ya mzee yakatikisika kwa kicheko. Kisha ikaja barua ya dada wa kati kwa baba yake. Sekela aliisema akiutazama ule mgongo wenye koti la kaki.

"Baba, tumekua, na wewe hujatuona."

Mzee akatoa leso.

Makofi yalipoisha, hakugeuka. Alimwita mkewe kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia.

"Mama Luka, mwambie mkwe wetu. Miaka tisa nakula ugali wake. Leo nimemsikia."

Nyuma ya pazia, Sekela alikaa chini kwenye sakafu, akacheka na kulia kwa pamoja, kifua chepesi kama aliyetuliwa mzigo. Mama mkwe alipoingia kumletea ujumbe alioshausikia, Sekela alipaza sauti ya dada wa kati, ifike hadi mlangoni:

"Mwambie baba, asante!"