Nilimwaga Fifi Juu ya Pamba Safi ya Mama

Kosa ni langu, na sitaki mtu anipunguzie. Jina siweki, maana Bariadi nzima inanijua kwa majigambo.

Nilirudi nyumbani na stashahada ya biashara, niliyojilipia kwa kubeba magunia Dar es Salaam. Sikusaidiwa na mtu! Mwaka huo serikali ilikuwa imefungua milango: chama cha ushirika hakinunui tena pamba peke yake, kampuni binafsi ruksa. Moja ikanipa mzani, niinunulie pamba kijijini kwetu.

Mama akaja na mafurushi mawili, kama miaka yote. Pamba safi mbali. Fifi, ile ya manjano yenye madoa, mbali. Alichambua wiki nzima, kwa sababu chama kilikuwa kinalipa kila daraja bei yake.

"Mayu, mama yangu, bado uko enzi za chama?" nikamwambia mbele ya foleni. "Sasa ni soko huria. Bei moja!"

"Na huyo anayenunua huko ng'ambo, ng'wanone, mwanangu, hana macho?"

"Mayu, kwani na wewe una stashahada?"

Watu wakacheka. Nikachukua fifi yake, nikaimwaga juu ya ile nyeupe, nikakoroga kwa mikono yangu. Ee Mungu wangu!

Msimu uliofuata hakuna aliyechambua. Wengine walitia maji, wengine mchanga, na mimi nikapima, maana nikikataa, mzani wa jirani unapokea. Serikali ilileta wanunuzi. Mkaguzi wa daraja, yule wa enzi za chama, hatukumwona tena.

Kisha wanunuzi wa nje wakaikata bei pamba yetu, wakisema ni chafu. Kampuni nayo ikawakata wakulima. Mama aliuza kwa bei ya kichekesho, akaacha pamba, akapanda dengu. Kampuni ikafunga, ikachukua na mzani wake.

"Msomi, leo tuchanganye nini?" Ndivyo ninavyosalimiwa sokoni mpaka leo!

Miaka mingi imepita, na mwaka huu amekuja mnunuzi anayelipa zaidi kwa pamba safi. Nikakimbilia kwa mama.

"Mayu, nifundishe kuchambua."

Akachukua pamba kiganjani, akaisogeza karibu na uso, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Macho yamekwenda, ng'wanone. Yote naiona nyeupe."

Ilikuwa fifi tupu.

Nililia kama mtoto! Kazi ile aliijua yeye, na mimi ndiye niliyemwachisha.

Wasomi wenzangu, msijifiche nyuma ya serikali kama nilivyojificha mimi. Iliruhusu, ndiyo. Lakini haikunishika mkono siku ile. Mkono uliokoroga ulikuwa wangu.