Gari lililonyimwa pumzi

Shule niliiacha darasa la sita na kazi nimebadilisha tano, lakini kitu kikigoma mbele yangu siwezi kukiacha. Gari la Mama Aline lilipoanza kuzimika ovyo njiani, nilimwomba Mzee Hamisi, mwenye gereji yetu ya Cibitoke, aniachie mimi.

"Ukipata uyu ugonjwa, unabaki apa," alisema. "Ukishindwa, endelea na safari zako."

Nikabadilisha buji za kuwashia injini, nikasafisha filta, nikakaza nyaya. Kila tulipolijaribu, tukikaribia mtaa wa Kamenge injini ilikohoa ikafa. Tukipumzika kidogo iliwaka, nami nikatangaza kwamba nimeiponya. Nilitangaza mara tatu.

Mara ya nne lilizimika mlangoni pa gereji, na Mzee alikuja mwenyewe. Injini hakuigusa. Alizunguka nyuma, akafungua mdomo wa tangi. Fyuuu! Tangi lilivuta hewa kama mtu aliyeibuka majini, na gari likawaka papo hapo.

"Tangi aipumui, mafuta aifiki ku injini! Nani alifunga apa na mupira ya baiskeli?"

"Si uyu mutoto yako?" Mama Aline, aliyekuja kuchukua gari lake, alijibu kwa furaha. "Kifuniko ilipotea, na vile esansi ya gari inakosekana! Alifunga muzuri, aitoki ata harufu."

Gereji nzima ikanigeukia, kisha ikaigeukia baiskeli yangu ukutani, ambayo gurudumu lake la nyuma halikuwa na mpira.

Mzee alicheka mpaka akashika bodi ya gari, halafu akanipa spana.

"Ugonjwa tumepata, na mwenye kuuleta pia. Baki. Lakini vifuniko, usiguse!"